Mama Aliuliza Ataota Jua Wapi

Kamba zilikuwa zimeshafungwa. Uyole, Mbeya, asubuhi ya Julai, saa mbili na nusu, umande bado umelala kwenye nyasi na mafundi hawajavua makoti. Vigingi vimepigiliwa, chokaa imemwagwa kwenye mistari ya msingi, na ramani imekunjwa mara nne mfukoni mwa fundi mkuu. Mama mzazi wa mwenye kiwanja alikuwa ameketi pembeni juu ya matofali ya kuchoma, kitenge mabegani, uso kauelekeza juani. Jua likisogea, naye anasogea tofali moja.

Akauliza: "Fundi, hapa nilipokaa patakuwa nini?"

Fundi akakunjua karatasi, akaigeuza huku na huku. "Hapa ni choo cha wageni, mama. Na stoo."

"Haya. Na mimi nitaota jua wapi?"

Hakuna aliyejibu.

Swali hilo limenikaa kichwani wiki sita sasa.

## Karatasi isiyo na kaskazini

Niseme mapema: ramani ile haikuwa mbaya. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, sehemu ya kulia chakula, jiko, stoo, choo cha wageni, vyote ndani ya mita 13 kwa 12. Milango haigongani, korido haipotezi nafasi. Aliyeichora anaijua kazi yake. Vipimo vyote vipo isipokuwa kitu kimoja: mshale wa kaskazini.

Nyumba iliyochorwa kwa ajili ya Kigamboni au Bunju, kule Dar es Salaam, inapigana na joto. Upenu mrefu, dari la juu, matundu ya hewa juu ya kila dirisha, vioo vikubwa popote upepo unapopita. Kila mstari una sababu yake kule. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, na baridi ya Makete haihitaji kusimuliwa. Kuanzia Juni hadi Agosti huku hakuna anayelikimbia jua. Watu wanalifuata, kama mama alivyokuwa akilifuata kwa tofali moja moja.

Jua lenyewe lina ratiba isiyobadilika. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini, likiwa nyuzi kama 58 juu ya upeo wa macho. Desemba hupita upande wa kusini, lakini karibu na utosi, nyuzi 75 hivi, na miezi hiyo ni ya mvua na mawingu. Maana yake kwa ukuta ni hii: tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, ukuta unaotazama kusini hauguswi na jua hata dakika moja. Miezi yote ya baridi imo humo. Ndiyo maana nyumba nyingi huku zina ukuta mmoja ambao rangi yake hubabuka kila mwaka na kuvu halikomi nyuma ya kabati. Watu hulaumu rangi.

Kwenye ramani ile, sebule na chumba cha mama vilikuwa kusini. Choo, stoo na jiko ndivyo vilivyopewa kaskazini, jua lote la Julai.

## Kijiti, na saa saba kasorobo

Kabla ya kubishana na mchora ramani, tafuta kaskazini ya kweli ya kiwanja chako. Dira ya simu inaweza kukudanganya ukiwa umesimama karibu na rundo la nondo au gari. Kijiti hakidanganyi.

Simika kijiti kilichonyooka, mita moja, kwenye ardhi uliyoisawazisha. Weka alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika 10. Kivuli kilicho kifupi kuliko vyote ndicho kinacholala kwenye mstari wa kaskazini na kusini.

Wengi hukosea kwa kupima saa sita kamili. Saa zetu Tanzania zimewekwa kwa mstari ulio mashariki mwa nchi yetu, na Mbeya iko mbali magharibi mwake, kwa hiyo mwezi Juni na Julai jua hufika kileleni karibu saa saba kasorobo, au linazidi kidogo. Iringa hutangulia kama dakika 10. Anza kupima saa sita na robo, maliza saa saba na robo, utakipata kivuli kifupi bila wasiwasi.

Jambo moja la kuwa nalo makini. Julai kivuli hicho huelekea kusini. Lakini kati ya katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari jua la mchana liko upande wa kusini, na kivuli huelekea kaskazini. Aliyenunua kiwanja Desemba, akapima Desemba, akaambiwa tu "kivuli kinaonyesha kusini", ataipindua nyumba yake yote.

## Kuigeuza karatasi dhidi ya mwanga

Kiwanja kile barabara iko mashariki. Hiyo ni bahati, na inafaa kuieleza, maana suluhisho lake halifai kila mahali.

Nyumba ikitazama mashariki, pembeni mwake ni kaskazini na kusini. Ukiipindua ramani kushoto kuwa kulia, mbele inabaki mbele, barabara inabaki barabarani, na upande wa choo unabadilishana na upande wa sebule. Fundi alifanya jambo ambalo sijalisahau: aliigeuza karatasi nyuma mbele, akainyanyua dhidi ya jua, na kuta zikaonekana kwa nyuma, herufi zikiwa zimepinduka. Sebule ilikuwa imehamia pale mama alipokaa. Karatasi ileile, kuta zilezile, tofali zilezile.

Ila kama barabara iko kusini, kupindua kushoto na kulia hakusaidii kitu. Na kugeuza mbele kuwa nyuma kunagusa jambo zito: mgeni anatarajia kukaribishwa sebuleni kutoka barabarani, si kuzungushwa nyuma kama anayepeleka kuni. Hapa ndipo nilipokwama wiki mbili nzima. Ninachokiona sasa ni kwamba mlango na sebule si kitu kimoja. Baraza na mlango vibaki kusini, barabarani, lakini sebule ipenye nyumba mpaka ukuta wa kaskazini, na dirisha kubwa liwe kule. Utapoteza chumba kimoja cha nyuma au utarefusha nyumba mita moja na nusu. Gharama ipo. Mimi ningeilipa kabla ya kulipia dari la jipsamu la ngazi tatu.

## Mteremko ukaunga mkono, kisha ukagoma

Kiwanja kinashuka kuelekea kusini, karibu mita moja katika mita 12 za upana wa nyumba. Kwa ramani ya kwanza, vyoo vilikuwa juu na shimo la maji taka chini, upande wa pili. Bomba la inchi 4 lingezunguka nyumba nzima. Bomba hilo linataka kushuka sentimita 2.5 kwa kila mita. Mita 20 za kuzunguka ni nusu mita ya kina, pamoja na chemba ya ukaguzi kila linapokata kona. Baada ya kupindua, vyoo viko chini tayari. Bomba linatoka ukutani na kwenda moja kwa moja.

Nikafurahi mapema mno.

Sakafu ikiwa sentimita 20 juu ya ardhi upande wa kaskazini, kusini itakuwa mita 1.2 juu ya ardhi. Yaani vyoo sasa vinakaa juu ya kifusi. Kifusi kikimwagwa chote kwa mkupuo na kupigwapigwa juu tu, kinaendelea kushuka masika baada ya masika, jamvi (zege la sakafu) linabaki likielea, na bomba lililopita ndani yake linakatika kwenye maungio. Maji taka yanavuja chini ya nyumba miezi kadhaa kabla mtu hajasikia harufu. Kifusi kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ikinyunyiziwa maji na kushindiliwa mpaka kisigino kisizame. Udongo mweusi wa juu wenye mizizi usirudi humo kabisa. Na bomba lipite kwenye tundu lililoachwa ukutani likiwa na nafasi ya kuchezea pande zote, lisijengewe likabanwa.

Kigugumizi cha pili kilikuwa mlango wa jikoni. Ulitazama kusini: ngazi saba za sentimita 17 kwa mtu aliyebeba sufuria la moto kwenda jiko la nje. Mlango ukihamishiwa ukuta wa magharibi, mita 4 kutoka kona ya chini, ngazi zinabaki tano. Weka kipande bapa cha mita 1.2 mbele ya mlango kabla ngazi hazijaanza, mtu apate pa kutua sufuria na kufunga mlango. Bado ngazi tano ni nyingi. Sijapata jibu bora zaidi kwenye kiwanja kile.

## Upenu: sentimita 60 au 90

Kuelekeza dirisha kaskazini halafu kulifunika kwa upenu wa pwani ni kazi bure, na nimeona nyumba nyingi zikifanya hivyo.

Chukua dirisha la kawaida, linaanza sentimita 90 kutoka sakafuni na kuishia kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha), mita 2.1. Chini ya fisha bodi, ubao wa ukingo wa paa, ni mita 2.6. Mwezi Juni, jua likiwa kileleni, kila sentimita 10 za upenu hutupa kivuli cha sentimita 16 ukutani. Upenu wa 90 unashusha kivuli mita 1.42, kioo kinachobaki juani ni sentimita 28 za chini tu. Upenu wa 60 unashusha sentimita 95, na kioo kinabaki na sentimita 75 za jua. Saa tatu kabla ya hapo, saa nne kasorobo asubuhi, jua liko chini zaidi na upenu wa 60 unaruhusu karibu mita nzima ya kioo. Jua hilo linatua sakafuni, hatua moja na nusu ndani ya chumba.

Mafundi watapinga, na wana hoja. Upenu mrefu unalinda matofali ya kuchoma dhidi ya mvua, na huku mvua haina mzaha. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Tofali lisiloiva vizuri likilowa kila siku linamomonyoka kuanzia kozi (mistari ya tofali) za chini. Kwa hiyo usikate upenu pande zote. Acha 90 pale mvua ya upepo inapopigia, angalia kuta za jirani zilivyochafuka utajua ni wapi. Kaskazini weka 60, piga plasta ya saruji kozi za chini mpaka nusu mita, na funga gata ili maji ya bati yasidondoke na kurukia ukutani. Kule Rungwe ningeacha hata kaskazini iwe 75.

Ukitaka dirisha kubwa zaidi, lipanue kuelekea katikati ya ukuta, si kwenye kona. Tuko kwenye bonde la ufa na ardhi hutikisika. Kona ya nyumba inahitaji angalau sentimita 60 za ukuta mzima kabla ya tundu la kwanza, na lenta izunguke nyumba yote bila kukatika, nondo zikipindishwa kwenye kona na kuingia upande wa pili.

## Tofali linalokula chumba

Hili lilifichuka kwa sababu ya kitanda.

Ramani ilichorwa kwa tofali la saruji la inchi 6, ukuta wa sentimita 15. Mbeya na Iringa wengi tunajenga kwa tofali za kuchoma, ukuta wa tofali zima, sentimita 22 hivi kutegemea tanuru. Fundi anapofunga kamba kwenye mistari ya katikati ya ukuta, kila chumba kinapoteza sentimita 7 za urefu na 7 za upana, na hakuna anayeona mpaka siku ya kuingiza vitu.

Chumba cha mama kiliandikwa mita 3. Toa ukuta sentimita 22, toa plasta sentimita 3 kwa pande mbili: kinabaki mita 2.75. Kitanda cha futi 6 ni sentimita 183. Kabati ni 60. Kinachobaki ni sentimita 32. Mama atapita ubavu ubavu, na mlango wa kabati hautafunguka.

Mwambie mchora ramani aina ya tofali kabla hajaanza. Bora zaidi, nenda kapime tofali 10 za tanuru utakalonunua, maana kila mpigaji ana kibao chake, kisha umpe urefu na upana halisi. Na kwenye ramani iliyokwisha kuchorwa, mwombe aandike vipimo vya ndani baada ya plasta. Vipimo hivyo ndivyo vya maisha.

Pale kiwanjani kulikuwa na nafasi ya kusogeza ukuta wa magharibi sentimita 40. Bora kusogeza kamba kuliko kununua kitanda kidogo.

## Matundu yaliyozibwa na magazeti

Pita nyumba za huku mwezi wa saba, inua macho juu ya madirisha. Matundu ya hewa yamezibwa: gazeti, kitambaa, mfuko wa salfeti. Mwenye nyumba amerekebisha ramani kwa mikono yake.

Halafu usiku anaingiza jiko la mkaa chumbani.

Hapa sina maneno ya kuzungusha. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na walio ndani hulala wasiamke. Kila msimu wa baridi habari hizi zinarudi. Onyo peke yake halitoshi kama nyumba yenyewe ni friji, kwa hiyo lazima ramani ichukue sehemu ya jukumu.

Vyumba vya kulala viwe na tundu dogo linalofungika kwa kibao, mtu achague, lakini jikoni na bafuni matundu yabaki wazi daima. Dari mita 2.7 inatosha, sebule ya mita 5 kwa 6 iliyopandishwa mita 3 ina meta 9 za ujazo za hewa ya ziada ambazo hakuna anayezikalia. Mlango wa mbele usifungukie sebuleni moja kwa moja kwenye upepo wa kusi. Ukuta mfupi wa mita 1.2 ndani yake unatosha kuuvunja. Upenyo wa sentimita moja chini ya mlango wa sentimita 90 ni sawa na tundu la sentimita 9 kwa 10. Hakuna atakayekubali tundu hilo ukutani, lakini chini ya mlango tunaishi nalo miaka 20.

Anayetaka moto ndani ajenge sehemu ya moto yenye dohani, kwenye ukuta wa katikati wa nyumba ili joto la matofali libaki ndani, si ukuta wa nje. Njia ya moshi iwe na eneo la karibu moja ya kumi ya mdomo wa moto: mdomo wa sentimita 80 kwa 60 unataka njia ya 22 kwa 22. Dohani ipande angalau sentimita 60 juu ya chochote kilicho ndani ya mita 3 kuzunguka, kofia ya bati kwenye kilele cha paa ikiwemo, la sivyo upepo unaupiga moshi urudi sebuleni. Hii lazima iamuliwe sasa, kabla ya kenchi (fremu ya mbao ya paa), kwa sababu mbao hazitakiwi kugusa dohani.

Na dari lisiachwe hata jikoni. Usiku wa Julai bati linapoa kuliko hewa, mvuke wa ugali na chai unapanda, unageuka matone, unadondoka. Watu hupanda juu kutafuta msumari unaovuja. Bati halivuji.

## Mahali pa mama

Siku ile hawakuchimba. Fundi alisema kuchora upya na kurudisha ramani halmashauri kwa ajili ya kibali kutachukua muda, na ni kweli, kibali cha ramani moja hakijengei nyingine. Mwenye kiwanja aliwalipa mafundi nusu siku.

Swali la mama lakini lilikuwa bado. Kupindua ramani kunampa jua chumbani. Kuota jua ni jambo la nje, na watu wapitao wa kusalimiana nao.

Nimelichora hivi. Ukuta wa kaskazini, kuelekea kona ya barabarani, nje ya chumba chake: jukwaa la zege mita 2.4 kwa 1.8, bila paa zaidi ya ule upenu wa 60. Ukuta wa nyumba uko mgongoni, unamkinga kusi, na matofali yake yakishapata jua la asubuhi yanashika joto mpaka jioni. Benchi la matofali lenye kimo cha sentimita 45, kwa sababu benchi fupi linaumiza magoti ya mzee wakati wa kunyanyuka, na juu yake ubao wa paini uliokauka, maana tofali linanyonya joto la mwili. Jukwaa liinamie nje sentimita 2 kwa kila mita, na kati yake na mteremko wa juu upite mfereji wa kuyageuza maji ya masika kabla hayajafika ukutani.

Mlango kutoka chumbani kwake unafungukia hapo, sentimita 90, sakafu ya nje ikiwa chini ya ile ya ndani kwa sentimita 2 tu. Ajikwae wapi?